Nyumba ya Masaa Matano

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekataa bei nzuri. Naandika haraka kabla mke wangu hajamaliza kuosha vyombo, maana anavigonga kwa namna ninayoijua.

Mambo yako hivi. Tangu watu wa tambarare wagundue kwamba huku mlimani mtu analala bila feni, nyumba zinagombaniwa kama hakuna kesho. Ya juu yetu imeuzwa. Ya fundi viatu, ambayo choo chake kiko ng'ambo ya njia, imeuzwa! Upande huu tumebaki mimi na jirani yangu wa chini, Bi Mkunga, mjane, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mji na sasa anafuga kuku.

Kwetu nyumba haipimwi kwa vyumba. Inapimwa kwa jua. Mlima unatuzibia, kwa hiyo kila saa ya jua ina bei yake. Dalali wetu ni mama mmoja asiye na haraka hata chembe, anaitwa Mama Kiti kwa sababu huja na kiti chake cha kukunja, akakiweka uani kwako alfajiri, akakaa hapo kutwa na daftari mapajani. Jua likigusa mguu wa kiti, anaandika. Likiondoka, anaandika, anakunja kiti, anakwenda zake. Neno lake ndilo la mwisho, na hakuna mnunuzi anayepanda huku bila kuliuliza. Nyumba yangu ameiandikia masaa matano: saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Leo akamleta daktari wa meno na mkewe. Mimi namwita Bwana Meno, maana alinitazama mdomoni kabla hajanitazama usoni. Wameipenda nyumba. Mkewe alisimama dirishani akasema hapa ndipo atakapozeekea. Bwana Meno akataja bei. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, akafumba macho kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona.

Nikasema nitafikiri.

Walipoondoka mke wangu akauliza nafikiri nini. Nikamweleza kwamba ile nyumba ya juu yetu ni ya masaa matano vilevile, haina hata zege mlangoni, na iliuzwa mwezi jana kwa robo zaidi ya hiyo. Sasa mimi niuze kwa pungufu nichekwe? Akasema yeye hajali kuchekwa, anajali magoti.

Magoti, magoti! Ni kweli, kutoka barabarani hadi kwetu kuna ngazi mia moja na arobaini na mbili. Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na kila furushi la kitambaa hupanda nalo na kushuka nalo. Daktari wa hospitali amemwambia wazi kwamba akiendelea na ngazi hizi mwaka mmoja zaidi atatembelea fimbo, na baada ya fimbo ni kiti cha magurudumu. Ameshapata nyumba ndogo kule chini, kando ya barabara. Chumba cha mbele kinafungukia barazani, anaweza kuweka cherehani pale na wateja wakamkuta bila kupanda hata kidato kimoja. Mwenye nyumba ni mstaarabu, ameahidi kumngojea hadi Jumamosi ya tarehe 29.

Siku ishirini na sita. Kwa siku hizo naweza kuuza mlima mzima.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Bwana Meno anajiona yuko peke yake, na hapo ndipo penye tatizo. Mnunuzi akiwa peke yake anatafakari. Wakiwa wawili wanashikana mashati. Kwa hiyo nahitaji mnunuzi wa pili. Hayupo. Basi nitamtengeneza.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni kinyozi, lakini ana sura ya mtu mwenye mali, hasa akinyamaza. Nimeshuka kinyozini kwake nikamweleza mpango. Kesho saa tano Bwana Meno anarudi kupima madirisha. Shemeji atatokea kama mfanyabiashara wa mbao kutoka mbali, ataipenda nyumba, atataja bei ya juu kidogo, ataondoka. Maneno yasizidi kumi. Amekubali. Aliuliza kama wafanyabiashara wa mbao huvaa tai. Nikasema huvaa.

Mke wangu sijamwambia. Atacheka, na akicheka kaka yake naye atacheka.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu nipe subira.

Shemeji alikuja na tai, miwani ya jua, na mkoba ambao ndani haukuwa na kitu isipokuwa mashine ya kunyolea. Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Alinisalimia kama hatujaonana maishani. Alinipa mkono! Nikajisifu moyoni.

Kisha tukapanda vidato vya uani. Cha tatu kimelegea. Bwana Meno alijikwaa, mkewe akajikwaa, shemeji akakiruka huku anatazama mawingu. Haya. Akaomba kwenda msalani. Sasa swichi ya msala wetu iko nje, nyuma ya kabati la vyombo, fundi umeme alikuwa na mambo yake siku ile. Shemeji akapitisha mkono nyuma ya kabati bila kuuliza, taa ikawaka, akaingia. Bibi Meno akamtazama mumewe. Bado nikadhani tutapona. Mwisho Bwana Meno akawa anahangaika na mlango wa jikoni, shemeji akamwambia kwa upole aunyanyue kwanza ndipo ausukume, maana ukipigwa na mvua hukwama, tena asisimame pale pale, panavuja.

Panavuja! Mtu wa mbao! Kutoka mbali!

Bei nayo, nilisema aongeze kidogo. Akataja mara mbili yake. Baadaye alijitetea kwamba ile tai ilimpanda kichwani. Bwana Meno akatabasamu kwa meno yote thelathini na mawili, akasema yeye hawezi kupimana nguvu na tajiri kama huyu, akanipongeza, akamshika mkewe mkono wakashuka.

Mama Kiti, aliyekuwa amekuja nao, alibaki nyuma. Amenitukana kwa adabu kabisa, bila tusi hata moja, na nimetoka jasho. Alisema nyumba ya masaa matano ni ya masaa matano hata nikileta vinyozi wa mji mzima. Ningekuwa na masaa sita, au saba, wateja wangepanda wenyewe na bei wangeipandisha wenyewe.

Masaa saba. Neno hilo limenikaa kichwani tangu mchana.

Mke wangu ameuliza Bwana Meno kasemaje. Nimemwambia naye anafikiri.

Ijumaa, 7 Machi

Miaka thelathini nilikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kupima ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto. Kwa nini nimwachie Mama Kiti?

Nimetoka uani alfajiri na kigoda, saa na kalamu. Nikatazama mashariki. Naona nini? Misonobari yangu! Saba, imejipanga mpakani kati yangu na Bi Mkunga. Jua la asubuhi linachomoza nyuma ya miti hiyo. Kwa hiyo kivuli chake kinalala uani kwangu mpaka saa nne, saa ile ile aliyoandika Mama Kiti. Mwizi wa jua langu nimempanda mwenyewe na nikamwagilia maji! Nikiikata, jua litaniingia tangu saa mbili. Saa mbili hadi saa tisa ni masaa saba. Hakuna nyumba ya masaa saba mlima huu.

Leo kulikuwa na ukungu, kwa hiyo kivuli chenyewe sikukiona. Lakini kilikuwepo.

Kuna jambo moja linaniudhi kidogo. Bi Mkunga ameniomba nipunguze miti hiyo kwa miaka kumi na moja. Kila mwaka anakuja na mayai yake, ananiita mwanangu, na mimi ni mzee wa miaka sitini na mitatu. Anaomba kwa unyenyekevu kiasi kwamba mtu huna budi kukataa. Sasa akiona nakata atadhani ameshinda. Nitamwambia ni kwa usalama.

Mke wangu akaniuliza kama nimemshauri mtu anayejua. Nikamuuliza anayejua nini. Akasema anayejua chochote.

Jumatatu, 10 Machi

Mkata miti amekuja na msumeno wa mashine. Sita imeanguka kwa heshima zote. Wa saba umeangukia lango langu. Mkata miti, bila haya, akasema lango lilijengwa mahali pabaya. Nikamkumbusha kwamba lango ndilo liko pale pale miaka ishirini na tano, kilichosogea ni mti. Akasema magogo atayachukua kama malipo yake, ndivyo tulivyopatana, na mabaki ya lango nayo ni mbao.

Bi Mkunga alisimama upande wake wa mpaka na birika la chai kwa ajili ya mafundi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nilidhani ni moshi wa mashine. Akasema Mungu anilipe. Nikamwambia ni kwa usalama tu. Akasema Mungu anilipe vilevile.

Sikulala mchana kwa furaha. Nimempigia simu Mama Kiti aje na kiti chake keshokutwa.

Jumatano, 12 Machi

Mama Kiti alifika alfajiri, akafungua kiti, akaketi.

Saa moja, ukungu. Saa mbili, ukungu. Nikamwambia ukungu unaondoka sasa hivi. Saa tatu ukazidi, hata Mama Kiti mwenyewe sikumwona, nilimsikia tu akipiga chafya. Saa nne kamili ukungu ukainuka, jua likagusa mguu wa kiti, Mama Kiti akaandika: saa nne.

Nikapandwa na mori. Nikamwambia huo si mchezo wa haki, huo ni ukungu tu, jambo la kupita. Akajibu kwamba umekuwa ukipita kila asubuhi tangu yeye azaliwe, na hupita saa nne.

Salale! Nimeangusha miti saba, nimepoteza lango, na nilichopata ni kuutazama ukungu bila kizuizi.

Laiti yangeishia hapo. Saa saba mchana nikamwona Mama Kiti ananyanyuka, anageuza kiti, anakaa ameelekea kwa Bi Mkunga. Nikatazama anakotazama. Jua limetanda uani kwa yule mama mpaka ndani ya banda la kuku! Miaka yote ikifika saa saba jua linahamia upande wangu, na kivuli cha misonobari yangu kinamwangukia yeye mpaka jioni. Ndicho alichokuwa akinililia miaka kumi na moja. Sasa hakuna kivuli. Tena yeye yuko mbali na mlima kuliko mimi. Kwangu jua liliondoka saa tisa kama kawaida. Kwake likabaki mpaka saa kumi.

Alikuwa na masaa matatu. Sasa ana masaa sita. Ananizidi mimi! Kuku wake walikuwa wamejitandaza juani, mbawa wazi, wanastarehe na jua langu.

Mama Kiti akakunja kiti, akapita pale palipokuwa na lango, akaenda kwa Bi Mkunga kupiga hodi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelitafakari suala hili kwa utulivu. Kivuli kilichoondoka kinaweza kurudishwa. Miti inachukua miaka ishirini na tano, mabati yanachukua siku moja. Nitasimamisha ukuta wa mabati mpakani, mita nne kwenda juu. Nikiulizwa nitasema ni kwa ajili ya upepo.

Fundi alikuja, akauliza upepo gani. Nikamwambia afanye kazi.

Mke wangu, badala ya kunitia moyo, amesema kuna njia fupi: nimpigie Bwana Meno, nimwambie ile bei yake ya kwanza nimeikubali, basi. Yaani nijirudi! Nikamwambia mwenye mali hapigi simu, anapigiwa. Akasema zimebaki siku kumi na sita. Anazitaja kila nikifungua mdomo kula.

Jumamosi, 15 Machi

Upepo ulikuja kweli.

Saa sita mchana. Ukuta ulisimama kiume kama dakika mbili, ukainama, ukang'oka. Bati la kwanza lilivunja dirisha la chumbani kwetu. La pili lilikwenda na antena. Yaliyobaki yaliteleza kwenye ngazi, moja baada ya jingine, kwa kelele ambazo naambiwa zilisikika sokoni, yakarundikana katikati na kuziba njia yote. Kwa Bi Mkunga hakikuguswa hata kifaranga.

Mke wangu alikuwa chini, anarudi na furushi la sare. Hakuweza kupita. Masaa mawili nilikuwa navuta mabati na fundi, na masaa hayo mawili yeye alikaa kwenye baraza ya ile nyumba anayoitaka. Mwenye nyumba alimtolea kiti na maji ya kunywa.

Njia ilipofunguka akaanza kupanda. Nilikuwa juu nikamsikia anahesabu. Kwenye sitini akasimama. Kwenye tisini akasimama tena, kwa muda mrefu, nikashuka kumpokea furushi. Uso wake ulikuwa umelowa. Alisema ni jasho. Shajara hii haisomwi na mtu, kwa hiyo nitaandika ukweli: niliona aibu. Nilimshika mkono tukapanda zilizobaki pamoja, na niliapa moyoni kwamba nitampigia simu Bwana Meno kabla ya jioni.

Chakula cha jioni kilikuwa cha baridi. Mtu ananyanyaswa hivi halafu apige simu! Nikaahirisha.

Jumanne, 18 Machi

Hodi asubuhi. Bi Mkunga, na kikapu cha mayai. Amekuja kunishukuru rasmi. Anasema mifupa yake imepata uhai, kuku wanataga mara mbili, nguo zinakauka siku moja. Nikamwuliza, kwa ujanja, kama Mama Kiti amemtembelea. Akasema ndiyo, lakini yeye hauzi, atakwenda wapi mjane peke yake.

Hauzi! Nilimpenda ghafla. Nilimsindikiza hadi mlangoni kwake, nikasifia jogoo.

Kisha nikampigia Mama Kiti. Nikamwomba amjulishe Bwana Meno kwamba yule mfanyabiashara wa mbao, kwa bahati mbaya, amefilisika, na kwamba mimi niko tayari kuzungumza. Ila kwa kuwa sasa miti haipo na macho yanafika mbali, bei yangu nimeiongeza kidogo. Nikadhani simu imekatika, kumbe Mama Kiti alikuwa anahema.

Nimekula mayai manne. Mke wangu hakula. Alisema zimebaki siku kumi na moja.

Alhamisi, 20 Machi

Bwana Meno amekuja! Nilimwona tangu kidato cha hamsini. Nikavaa shati la harusi ya binti yetu, nikasimama pale palipokuwa na lango, nikatengeneza uso wa mtu asiye na shida.

Akanisalimia vizuri. Akaniuliza habari za dirisha. Akapita.

Akaingia kwa Bi Mkunga, yeye na mkewe na Mama Kiti! Nikaenda kujibanza nyuma ya tangi la maji, si kwa ajili ya kusikiliza, ila pale ndipo sauti inapofika. Bi Mkunga aliwakaribisha, akainjika birika. Bwana Meno akataja bei. Ni ile! Ile ya nyumba ya juu, robo zaidi, bei yangu niliyokuwa naiota! Bi Mkunga akauliza swali moja tu, kama watawatunza kuku. Bibi Meno akasema anawapenda kuku tangu utotoni. Basi Bi Mkunga akasema hewala. Birika lilikuwa halijachemka! Huyu si ndiye juzi alikuwa hana pa kwenda? Na hakusema hata kidogo kwamba atafikiri. Kuna watu hawana akili ya biashara kabisa.

Ubaridi wa tangi ukanipigisha chafya. Bwana Meno akasema kwa sauti, kwa wema wote, kwamba aliye nyuma ya tangi ajifunike, huku juu kuna baridi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepiga moyo konde. Nimeshuka ngazi zote mia moja na arobaini na mbili mbiombio hadi nyumba ya wageni, nikamkuta Bwana Meno anakunywa chai. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba nimefikiri na nimekubali bei yake ya kwanza. Tena nikasema sitaongeza.

Alisikitika kwa dhati. Akasema angeichukua siku ile ile, mkewe alikuwa ameshachagua mahali pa kuweka kitanda. Lakini sasa wameshapata. Akaniambia nimsalimie yule bwana wa mbao, tena siku moja atapita kunyolewa. Akaniomba nifungue mdomo, akatazama, akasema gego la kushoto lisisubiri.

Kupanda nilihesabu ngazi. Ni nyingi, sikatai. Kwenye mia nilikaa chini.

Jumatatu, 24 Machi

Mke wangu amezima redio, akaketi mbele yangu, akaniambia amefanya jambo.

Bi Mkunga alikuja kumwuliza kama mwenye ile nyumba ya chini anaweza kuwa na nyingine, maana sasa ana fedha na hana pa kulala. Mke wangu akamshika mkono wakateremka taratibu mpaka kwa mwenye nyumba, na hapo akamwambia yule bwana asimngojee tena, zamu yake amempa huyu mama. Bi Mkunga ameinunua.

Nililipuka. Nikamuuliza inawezekanaje, zilikuwa zimebaki siku tano, mtu unajitoaje mchezoni wakati mume wako ana mipango! Akauliza mipango gani. Nikasema mipango. Akaniacha mpaka nikamaliza. Kisha akasema chumba cha mbele ni chake. Wamekubaliana: Bi Mkunga hataki kuishi peke yake, na yeye hawezi tena kupanda. Jumamosi anahamia na cherehani. Akasema amechoka kungoja nifikiri, na kwamba magoti ni yake, si yangu.

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Ningeona afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 29 Machi

Amehama.

Shemeji alibeba cherehani begani, safari hii bila tai. Mimi nilibeba masanduku. Mke wangu alishuka kidato kimoja kimoja, ameshika bega langu, na alipofika barabarani aligeuka akatazama juu. Akasema alhamdulillahi, hizo ndizo za mwisho. Alicheka kama alivyokuwa akicheka zamani, nami nikatazama pembeni.

Chumba ni kizuri. Kina dirisha kubwa. Ameweka cherehani pale pale alipokuwa anaota kuiweka, na kabla hatujamaliza kupanga vitu mama mmoja akaingia na sare ya kupunguzwa. Bi Mkunga alinitengea kiti mezani. Mke wangu akaniambia nibaki, nyumba ya juu ifungwe tu, Mama Kiti ana uwezo wa kuuza nyumba bila mimi kusimama mlangoni. Akasema angependa nibaki. Alisema hivyo, mbele ya watu.

Nikamwambia haiwezekani, mteja akija akute nani? Bei nzuri haipatikani kwa kufunga mlango. Nikapanda.

Jumatatu, 31 Machi

Nyumba ni kimya. Sikujua kwamba kelele ya cherehani ndiyo iliyokuwa inanilaza mchana. Nimepika mwenyewe, nimeunguza, nimekula hivyo hivyo nimesimama. Naandika wazi kwamba namkosa, na kwamba asubuhi nilimwita nimwonyeshe ukungu ulivyotanda, nikajijibu mwenyewe.

Saa sita Mama Kiti akaleta mume na mke, wafanyakazi wa benki, watu wa heshima. Hawakuuliza masaa. Waliuliza tu kama hakuna vurugu. Wakataja bei. Ni ile ile ya Bwana Meno ya siku ya kwanza, wala haikupungua senti! Mama Kiti alinishika mkono wa shati, akanibana, akaninong'oneza niseme ndiyo, niseme ndiyo sasa hivi, nishuke leo leo nikalale kwa mke wangu.

Lakini mtu lazima aangalie mambo kwa mapana. Bi Mkunga ameuza kwa robo zaidi, na nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili tu. Mimi, tangu cherehani na vitambaa vitoke, nimepata chumba kizima ambacho hakikuwa kinahesabika. Nyumba imeongezeka! Nikawaambia hivyo. Nikawaambia pia kuna mtu wa mbao anaiulizia. Wameshuka. Mama Kiti ameshuka nao, na kiti amekisahau kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Jioni mke wangu amepiga simu kuuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akauliza kama ile bei ya watu wa benki ni kweli. Habari husafiri! Nikamwambia ni kweli, ni bei nzuri sana, na nimeikataa, kwa hiyo atulie, mambo yanakwenda vizuri.

Akakata simu bila kuaga. Nadhani ni furaha.